Barua ya wazi kwa mwandishi na wachapishaji wa kitabu cha nne

Kwa Mwandishi wa mfululizo,
Kwa Mhariri Mkuu,
Kwa Mkurugenzi wa Uchapishaji.

YAH: KITABU CHA NNE KUSAHAU VITABU VITATU VILIVYOKITANGULIA

Waheshimiwa,

Husikeni na somo tajwa hapo juu.

Hodi hubishwa mara tatu, na zangu zimekwisha. Niliwaandikia mwezi uleule kitabu kilipotoka, nikawaandikia tena baada ya wiki sita, kisha mara ya tatu nikiwa nimepunguza ukali na kuongeza "tafadhali". Anwani ni ileile mliyoichapa ukurasa wa mwisho, chini ya mstari unaotualika wasomaji tutoe maoni. Mara zote tatu jibu lilifika kabla sijafunga kompyuta, na mara zote lilikuwa lilelile hadi nukta: mnashukuru, mnathamini, na je, nimeshaweka oda ya kitabu cha tano? Mashine yenu ina adabu sana, ila haijasoma kitabu. Ndiyo maana leo nimesogea barazani kupaza sauti.

Sitataja jina la mfululizo wala majina ya wahusika. Si woga. Kuna watoto ambao leo hii ndio wanafungua kitabu cha kwanza, na sitaki kuwamwagia uhondo. Ninyi mtajijua.

Nilianza kuwasoma nikiwa na miaka 15. Sasa nina 24. Kitabu cha kwanza nimekisoma mara sita. Cha pili jalada liliachana na kurasa zamani, nikalirudisha kwa gundi. Mdogo wangu ana miaka 13, na ugonjwa huu nimemwambukiza mimi mwenyewe. Cha nne tulikisoma kwa sauti, kwa zamu: sura yangu, sura yake. Tulipofika sura ya 6 akasita katikati ya sentensi. "Dada, si aliungua mkono wa kushoto huyu?" Akaenda rafuni, akatoa kitabu cha pili, akapekua, akaweka kidole juu ya mstari. Kweli: vidole vitatu vilishikana kwa moto, havikunjuki tena. Na hapa mbele yetu binti huyohuyo amekaa chini ya mti anamsuka mwenzake nywele kwa vidole kumi.

Tulicheka. Makosa hutokea. Lakini sura ya 14 hakucheka tena, na sura ya 30 ilipofika zamu yake akanisukumia kitabu: "Soma tu wewe, halafu uniambie kimeishaje." Mtoto aliyekuwa akisoma chini ya shuka kwa tochi! Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Fundo halilipiwi tena

Hili ndilo kubwa, na kama mna muda wa kusoma namba moja tu, someni hii.

Mlitujengea dunia ambamo uchawi ni kufunga mafundo kwenye uzi, na kila fundo linakula kumbukumbu moja ya mfungaji, moja kwa moja, bila kurudi. Bibi kizee alilisema hilo mapema kabisa katika kitabu cha kwanza: fundo halikopeshi. Kisha mkatuonyesha maana yake. Binti anafunga fundo ili kuokoa kisima, kisima kinaokoka, watu wanashangilia. Asubuhi anaamka, anasikia mwanamke akiimba uani, anamuuliza jirani, "Nani huyo anayeimba vizuri hivyo?" Ni mama yake. Alichotoa ni wimbo ambao mama alimbembelezea tangu yuko mgongoni. Nilifunga kitabu nikatoka nje kukaa peke yangu. Nilikuwa na miaka 15 na hakuna kitabu kilichowahi kunifanya hivyo.

Kitabu cha nne nimekipitia upya na penseli mkononi. Mafundo yanayofungwa ni 41. Kumbukumbu zinazopotea hazipo. Hakuna hata moja. Katika sura ya 22 anafunga mafundo saba ndani ya ukurasa mmoja kama mtu anayefunga viatu, kisha anajiegemeza ukutani na kujiliwaza kwa kuimba. Anaimba nini? Wimbo wa mama yake. Uleule wa kisima. Na maneno yake yote.

Nilisoma ukurasa huo mara tatu nikidhani ni mtego. Nilidhani labda mtu amemrudishia, labda si yeye, labda anaota. Nikasubiri hadi mwisho wa kitabu. Si mtego. Mlisahau tu.

Mnaona lililofuata? Hofu ilikufa. Zamani kila alipogusa uzi tulishika pumzi: sasa atampoteza nani? Sasa akizingirwa anafunga, akikimbizwa anafunga, akiwa na baridi anafunga. Adui mwenyewe amebaki kutuhurumisha. Mfululizo mzima ulisimama juu ya bei ile. Mmeiondoa, na fundo lililobaki limekaa rohoni mwetu sisi wasomaji.

2. Rafiki aliyeponywa bila kuulizwa

Katika kitabu cha pili mlituletea msichana kiziwi, kiziwi wa kuzaliwa, mwenye mdomo mchafu kuliko wote isipokuwa mdomo wake ni mikono. Wote wanapofungwa katika lile boma lenye walinzi wanaosikiliza hata pumzi, ni lugha yake ya ishara inayopitisha mpango kutoka dirisha hadi dirisha. Yeye ndiye mwalimu na shujaa wetu ndiye mwanafunzi mzito. Mlieleza ishara 11 kwa ufasaha kiasi kwamba mdogo wangu alizikariri zote. Mpaka leo nikiwa kwenye simu naye ana jambo, huweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono: subiri, nakuangalia. Ishara hiyo imetoka kwenu. Ni mali yenu nzuri kuliko zote mlizotupa.

Sura ya 18 ya kitabu cha nne: msichana huyo amelala. Shujaa wetu anafunga fundo moja, la bure, kama zawadi. Msichana anaamka, anasikia ndege, analia kwa furaha, na kabla ya mwisho wa ukurasa anazungumza kwa sentensi ndefu zilizonyooka. Mikono yake haitajwi tena hadi mwisho wa kitabu.

Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Sijui ni nani mezani kwenu aliyedhani huu ni wema. Mtu ambaye hajawahi kusikia neno hata moja maishani anaamkaje akilitamka? Na lugha yake ya kwanza imeenda wapi? Lugha ya ishara si bandeji ya kusubiria sauti. Mwanaisimu William Stokoe alionyesha tangu mwaka 1960, akichunguza ishara za viziwi wa Marekani, kwamba hiyo ni lugha kamili yenye muundo wake, na kitabu chenu cha pili kilionekana kulijua hilo kabisa. Cha nne kinamchukua mhusika aliyekuwa na lugha yake na akili yake na kumgeuza msichana wa pembeni mwenye sauti tamu.

Mdogo wangu ana rafiki kiziwi darasani. Aliazima kitabu cha pili akakaa nacho miezi miwili, na aliporudisha alikuwa ametia alama ya penseli kwenye ishara mbili ambazo angezifanya tofauti. Cha nne hatujampa. Akiuliza, tunamwambia bado hatujamaliza.

3. Marehemu karudi, hakuna aliyeshtuka

Nahodha alikufa katika kitabu cha tatu. Tulimwona akifa, tukamwona akioshwa, tukasimama pembeni ya kaburi kwa sura nzima. Katika kitabu cha nne anaingia mlangoni na upanga wake, anasema habari za kifo chake zilitiwa chumvi, watu wanacheka, safari inaendelea.

Najua marehemu kurudi si jambo geni katika fasihi. Arthur Conan Doyle alimtosa mpelelezi wake Sherlock Holmes kwenye maporomoko ya Reichenbach mwaka 1893, na mwaka 1903 akamrudisha akiwa mzima. Lakini kule hakukuwa na maiti. Rafiki yake Watson alikuta nyayo, fimbo ya kupandia mlima na barua, basi, mengine akayakisia mwenyewe. Ndiyo maana mlango ulikuwa wazi wa kurudia. Ninyi mlimwosha mtu! Mlango mliupigilia misumari wenyewe, kisha mkampitisha ukutani.

4. Shujaa anazimia

Mara nne: sura ya 9, ya 15, ya 24, na mara ya nne ni katikati ya mazingiwa ya mji. Mazingiwa hayo tumeyangoja tangu kitabu cha kwanza. Utabiri wote unayaelekea. Binti anazimia getini, na anapofungua macho anasimuliwa vita nzima kwa kurasa mbili na nusu, kitandani, na mvulana mwenye macho ya kijivu. Yule mwenye macho ya kijani amesimama dirishani ananuna. Nawatambulisha kwa macho kwa sababu hamkutupa kingine cha kuwatofautishia.

Sina ugomvi na mapenzi. Nina ugomvi na msichana aliyeamua mambo yake kwa vitabu vitatu kugeuzwa mzigo unaopokezanwa.

5. Urefu

Kitabu cha kwanza kina kurasa 312, cha nne 688. Kutoka sura ya 10 hadi ya 21 wanatembea. Nimemaliza.

6. Madogo yanayoumiza macho

Mto katika ramani mpya unatoka baharini na kupanda milimani. Farasi ni jike sura ya 3, dume sura ya 11, jike tena sura ya 12. Mwezi ni mpevu siku tisa mfululizo. Mfalme ana ndugu wawili, kisha watatu. Orodha kamili, yenye makosa 23 na kurasa zake, niliiambatisha kwenye barua yangu ya pili, ambayo mashine yenu iliipokea kwa shukrani.

Sasa nadhani najua mtakachosema, kwa hiyo tusipotezeane muda.

Mtasema hii ni hadithi ya kubuni, yenye uchawi ndani, mantiki ya nini? Msimulizi akisema "hadithi, hadithi", sisi tunaitikia "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea". Uongo tumeualika wenyewe, kwa sauti kubwa. Lakini sharti la tatu lipo palepale: utamu ukolee. Uongo unaojikanusha haukolei. J.R.R. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, alilizungumza hili katika insha yake iliyotokana na mhadhara wa mwaka 1939 huko St Andrews, Scotland: yeyote anaweza kutamka jua la kijani, kazi ni kuijenga dunia ambamo jua hilo linasadikika. Ninyi jua la kijani mlilijenga na likasadikika. Kisha sura ya 22 likachomoza jekundu na hakuna aliyeinua macho.

Mtasema ni vitabu vya vijana, wao hawajali. Aliyegundua vidole ni mtoto wa miaka 13. Mtu mzima, yaani mimi, nilipita juu ya mstari uleule bila kuona. Hakuna msomaji mkali kama anayesoma kitabu kimoja mara sita, na wanaofanya hivyo ni hawa mnaowaona wadogo.

Mtasema muda ulikuwa mfupi na tarehe ya kutoka ilishatangazwa. Hili naliamini, na hapa simlaumu mwandishi peke yake. Mtu anayeandika kurasa 688 kwa haraka atasahau mkono upi uliungua. Ndiyo maana kazi hupita kwa mhariri wa maudhui, kisha mhariri wa lugha, kisha msoma prufu. Mhariri makini huwa na daftari lake: rangi ya macho, umri, kovu liko upande gani, jina limeandikwaje. Kama daftari hilo lipo kwenu, halikufunguliwa. Kama halipo, mmeendeshaje mfululizo wa vitabu vinne?

Na mtasema, hii ndiyo ninayoitarajia zaidi, kwamba cha tano kitaeleza yote. Huenda. Lakini fumbo hupandwa, na mimi nimetafuta mbegu katika kurasa zote 688 sikuiona. Turudi kwa Tolkien. Katika The Hobbit ya mwaka 1937, kiumbe wa pangoni aitwaye Gollum anaiweka pete yake iwe zawadi ya Bilbo, shujaa wa kitabu, akishinda mchezo wa vitendawili. Baadaye, alipokuwa akiandika The Lord of the Rings, kazi kubwa iliyofuata, pete ile ikawa kitu ambacho mwenye nacho hawezi kukiachia kwa hiari. Vitabu viwili vikagongana. Akakaa chini akaiandika upya sura ya vitendawili, ikatoka katika toleo la 1951, na masimulizi ya zamani akayageuza kuwa uongo alioutunga Bilbo mwenyewe kwa sababu pete imeshaanza kumharibu. Kosa likawa sehemu ya hadithi, tena sehemu nzuri. Hiyo ndiyo kazi. Kama binti yetu ameimba wimbo aliousahau, basi mtu fulani mle ndani ashtuke! Mama yake ashtuke. Sentensi moja tu ingetosha kunifanya nikingoje cha tano kwa hamu.

Sasa ninachoomba. Siwaombi mkiandike kitabu upya. Kilichochapwa kimechapwa, na hadithi ni ya mwandishi, si yangu.

Naomba makosa ya namba 6, pamoja na vidole, yasahihishwe katika chapa ijayo, na kwenye kitabu pepe mapema zaidi, maana huko hakuna karatasi wala wino wa kusubiri. Hili si aibu. Kitabu cha nne cha Harry Potter kilipotoka mwaka 2000, chapa za mwanzo zilikuwa na kosa katika tukio la fimbo ya uchawi: vivuli vya waliouawa kwa fimbo hiyo vilitakiwa kutokea kwa mpangilio wa kinyume, aliyeuawa mwisho atangulie, lakini baba wa Harry akatokea kabla ya mama, ilhali mama aliuawa baada yake. Wasomaji walisema, chapa zilizofuata zikarekebishwa, na dunia haikuisha.

Naomba kitabu cha tano kirudishe bei ya fundo, au kiseme waziwazi kwa nini haikulipwa kwa mafundo 41 na nani sasa anadaiwa. Deni la namna hiyo linaweza kuwa hadithi kubwa kuliko zote, na ninawapa wazo hili bure.

Naomba yule msichana arudishiwe mikono yake. Namna ya kufanya mtaijua wenyewe, ila kabla ya kuandika mstari mmoja, kaeni na wasomaji viziwi muwasikilize. Wapo, wanawasoma, na mmoja wao ana penseli.

Naomba awepo mtu mmoja, mwenye jina na mshahara, ambaye kazi yake ni kuvisoma vitabu vyote vinne kabla cha tano hakijaenda mtamboni. Akikosekana nina mtu wa kumpendekeza, ila saa tatu usiku lazima awe kitandani.

Na naomba barua hii ijibiwe na binadamu. Sihitaji kitabu cha bure wala sahihi ya mwandishi. Nahitaji aya mbili zinazoonyesha kwamba aliyeziandika amefika sura ya 22.

Oda ya kitabu cha tano sijaiweka. Vitabu vitatu vya kwanza viko palepale rafuni, kwa mpangilio wake. Cha nne kiko juu ya kabati, na penseli ndani.

Wenu katika kusoma,

Msomaji wenu tangu kitabu cha kwanza

Nyongeza: Makosa sasa ni 24. Mdogo wangu ameomba niongeze kwamba ukurasa wa 511 jua linazama mara mbili jioni moja. Anauliza pia, kwa heshima zote, mumjibu hata kama mimi hamtanijibu: yule farasi ni jike au dume?